Faili Lako Hospitalini



Leo nazungumza na waliobadili jinsia, na jamaa zao. Mwaka 2023, hapa Kenya, mbunge Peter Kaluma aliandaa Mswada wa Kulinda Familia, unaogusa pia matibabu ya kubadili jinsia. Mswada si sheria. Hata hivyo, nchini Uganda, mwaka huohuo, sheria dhidi ya mapenzi ya jinsia moja ilipotiwa saini, wagonjwa waliogopa hata kufika kliniki. Hofu yaweza kumzuia mgonjwa kutafuta matibabu, ndiyo maana tujipange sasa.

Kwanza, omba nakala ya faili lako: majibu ya maabara, jina la dawa na kipimo chake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kupata taarifa zako. Ukilazimika kubadilisha daktari, mpya hataanza kwa kubahatisha. Usikatize homoni ghafla, wala usinunue za mtaani bila kupimwa damu; kipimo kisicho sahihi chaweza kugandisha damu.

Pili, kwenye dirisha la mapokezi, jina la kitambulisho lisilolingana na mwonekano wako likiitwa kwa sauti, foleni nzima hugeuka kukutazama. Inaumiza, na wengine hurudi nyumbani wakiwa wagonjwa. Mwombe karani mapema, kwa upole, akuite kwa namba. Sheria ya Afya ya 2017 inalinda siri ya mgonjwa.

Na ukifika na dharura, Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu. Ukifukuzwa, andika tarehe, saa na idara, kisha ulalamike kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu.