Nani Hutangaza Mshindi Kule Marekani?

Kila baada ya miaka minne, Marekani inapomchagua Rais, watu wengi hukesha wakisikiliza redio na kutazama televisheni. Kukicha, utasikia barazani: "Ameshatangazwa." Leo nataka tuulizane swali moja dogo: ametangazwa na nani?

Sisi huku tumezoea kumwona mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi akikaa mbele ya vipaza sauti na karatasi zake mkononi. Marekani hakuna mtu huyo. Ipo Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho, lakini kazi yake ni kusimamia fedha za kampeni. Haihesabu hata kura moja. Kura huhesabiwa wilayani, na kila jimbo huthibitisha matokeo yake lenyewe, kazi inayoweza kuchukua majuma kadhaa. Wajumbe 538 wa uchaguzi hupiga kura zao mwezi Desemba, na Bunge huzihesabu mwezi Januari. Kwa mujibu wa sheria, basi, usiku ule wa Novemba hakuna aliyeshinda.

Wanaoliziba pengo hilo ni waandishi wa habari. Shirika la Associated Press limekuwa likijumlisha kura za Rais tangu mwaka 1848. Vituo vya televisheni navyo vina wataalamu wa hesabu, ambao hulinganisha kura zilizokwisha hesabiwa, mwenendo wa chaguzi zilizopita, na majibu ya watu walioulizwa walipotoka kupiga kura. Wakiridhika kwamba aliye nyuma hawezi tena kumfikia aliye mbele, hutangaza. Hayo ni makadirio, si matokeo.

Mashaka huanza pale makadirio yanapokutana na biashara, maana kila mmoja anataka kuwa wa kwanza. Mwaka 1948 gazeti la Chicago Daily Tribune liliwahi mitamboni likaandika kwa herufi kubwa kwamba Dewey amemshinda Truman. Aliyeshinda ni Truman, na picha yake akicheka huku amelinyanyua gazeti hilo ingalipo hadi leo. Mwaka 1980 kituo cha NBC kilimtangaza Reagan saa 2:15 usiku kwa saa za mashariki, ilhali kule California upigaji kura ulikuwa umebakiza karibu saa tatu. Reagan alishinda kweli. Lakini hebu mfikirie mtu aliyekuwa bado kwenye foleni, ambaye karatasi yake ilikuwa pia na majina ya wagombea ubunge. Mtu huyo aliambiwa kwamba shughuli imekwisha kabla hajafika mlangoni.

Hata hivyo, kisa kinachofundisha zaidi ni cha usiku wa tarehe 7 Novemba, 2000. Wagombea walikuwa George W. Bush na Al Gore, na mambo yote yaliangukia jimbo la Florida, lenye kura 25 za wajumbe. Mnamo saa 1:50 usiku vituo vikubwa vilianza kutangaza kwamba Florida ni ya Gore. Sehemu ya magharibi ya jimbo hilo iko nyuma kwa saa moja, na huko watu walikuwa bado wanapiga kura! Ilipokaribia saa 4 vilianza kuifuta kauli hiyo. Saa 8:16 usiku, Fox News ikamtangaza Bush kuwa Rais, na ndani ya dakika chache NBC, CBS, CNN na ABC zikafuata. Gore alimpigia simu Bush kumpongeza, akaanza safari ya kwenda kuwahutubia wafuasi wake mjini Nashville. Njiani akaarifiwa kwamba tofauti inayeyuka. Akageuza, akapiga simu ya pili kuifuta ile ya kwanza. Ilipofika saa 10 alfajiri vituo vilikuwa vimemeza maneno yao kwa mara ya pili.

Ilikuwaje wote wakosee pamoja? Jibu ni kwamba wote walichota kisima kimoja. Walikuwa na shirika lao la pamoja la kukusanya takwimu, na humo iliingia hesabu yenye kosa kutoka wilaya ya Volusia, iliyompunguzia Gore maelfu ya kura. Msikilizaji alidhani anasikia mashahidi watano. Kumbe shahidi ni mmoja mwenye vinywa vitano. Associated Press ilikuwa na takwimu hizo hizo, lakini ilikuwa pia na hesabu yake yenyewe. Ikakataa kumtangaza Bush usiku ule.

Maji yakimwagika hayazoleki. Kwa siku 36 zilizofuata, Bush alionekana machoni pa wengi kama mshindi anayesumbuliwa, na Gore kama mshindwa asiyekubali. Tarehe 12 Desemba Mahakama Kuu ilisimamisha kuhesabu upya, na Bush akapewa Florida kwa tofauti ya kura 537.

Mwaka 2020 tuliona upande wa pili wa jambo hilo hilo. Pennsylvania na Wisconsin sheria haikuruhusu kura za posta zianze kushughulikiwa kabla ya siku ya uchaguzi, hivyo nyingi zilihesabiwa mwishoni. Donald Trump, akiwa mbele usiku, alijitangazia ushindi kabla ya alfajiri. Joe Biden akatangazwa na vyombo vya habari siku nne baada ya uchaguzi. Wengi waliuliza: aliyekuwa anaongoza amepitwaje? Swali lenyewe lina kasoro. Vituo vikishafungwa, hakuna tena anayekimbia. Kura zimo sandukuni. Kinachobadilika ni sanduku lipi limefunguliwa kwanza.

Mimi siwalaumu Wamarekani kwa kuwaachia waandishi kazi hiyo. Kuna heri pale ambapo serikali haimiliki peke yake kinywa cha kutangaza. Lakini mwandishi aliyepewa amana hiyo aithamini kuliko saa yake ya mkononi. Nasi wasikilizaji, tunapoambiwa fulani anaongoza, tuulize mambo matatu: zimehesabiwa kura ngapi, za wapi, na zimebaki zipi? Asiyeweza kujibu hayo hana habari ya kutupa.