Wakubwa wa Vita ya Waarabu: waliopona waliishi namna gani, na sisi leo tumpokee nani

Maneno ya komite mbele ya mkutano mkubwa wa chama, Nyangwe



Mkutano uliopita uliachia komite ulizo moja. Wale waliobeba silaha, na zaidi wale waliokuwa wanaamuru wengine, kama wanarudi kijijini na wanaomba kuingia katika chama, tuwapokee ao tuwafukuze? Mama mmoja alisimama akasema: hawezi kukaa kwenye mkeka mmoja na mtu aliyechoma nyumba yake. Mzee mmoja akamjibu: huyo mtu ni mtoto wa hapa, tukimfukuza atarudi pori. Wote wawili walisema kweli. Njo maana komite iliomba muda.

Leo tunaleta jibu. Lakini mbele ya jibu, tunaomba mutuvumilie tupite kidogo katika habari za zamani. Sisi wa Nyangwe, Kasongo na Kabambare si mara ya kwanza vita inatupitia na kutuachia watu wa namna hii.

Munajua Vita ya Waarabu, ile ya 1892 mpaka 1894. Upande mmoja walikuwa Waarabu na Wangwana, waliotawala biashara ya pembe na ya watumwa. Upande wa pili ilikuwa Dola ya mfalme Leopold II, ambayo wazee wetu waliiita Bulamatari. Kwa majuma mengi, mwanzo wa 1893, majeshi mawili yalitazamana ng'ambo na ng'ambo ya Lualaba, hapa hapa. Kisha Wagenya wakaleta mitumbwi, jeshi la Dhanis likavuka, na tarehe 4 Machi 1893 Nyangwe ikaanguka. Siku chache baadaye kukawa na mapigano ndani ya mji, nao ukachomwa moto. Kasongo ilianguka tarehe 22 Aprili mwaka ule ule, Kabambare tarehe 25 Januari 1894.

Wagenya walikuwa na sababu zao za kuleta mitumbwi. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanyabiashara walifyatua bunduki ndani ya soko la Nyangwe, siku ya soko, wakati wamama walikuwa wanauza samaki na mihogo. Watu mamia walikufa, kwa risasi na kwa maji. Livingstone alikuwapo na aliyaandika. Soko halisahau, hata miaka ishirini ikipita.

Sasa, wakubwa wa ile vita walipata mwisho gani?

Wengine walikufa vitani. Mwinyi Mohara, mkubwa wa Nyangwe, aliuawa Januari 1893. Sefu, mtoto wa Tippu Tip aliyeshika Kasongo, alikufa Oktoba mwaka huo. Hao tuwaache. Tunataka kusema juu ya waliobaki, na juu ya mmoja ambaye angebaki.

Huyo mmoja ni Gongo Lutete. Alikuwa chini ya Tippu Tip, akishika Ngandu, karibu na mto Lomami. Alikamata watu wengi na kuharibu vijiji vingi, hatutaficha. Mwaka 1892 aligeuka akaenda upande wa Dola, na watu wake ndio waliosaidia sana Dola kushinda. Kisha mwaka 1893, vita ikiwa bado, maofisa wazungu wa Ngandu walimshitaki kwamba ni msaliti. Walimhukumu haraka, na tarehe 15 Septemba wakampiga risasi. Dhanis, mkubwa wao, alituma watu kuzuia jambo lile. Walifika wakati alikwisha kufa. Na nini ikafuata? Askari wake walitiwa katika jeshi la Dola na kupelekwa Luluabourg, ambayo leo ni Kananga. Julai 1895 wakaasi, wakaua kapiteni wao. Mwaka 1897 maasi mengine yakavunja safari kubwa ya Dhanis kuelekea Nile. Hasira ya watu walioona mkubwa wao anauawa bila kusikilizwa vizuri ilikuwa moja ya sababu, pamoja na mateso mengine ya jeshi. Miaka ikapita, nchi haikutulia.

Wa pili ni Tippu Tip mwenyewe, Hamed bin Muhammed el Murjebi. Yeye alikuwa mjanja. Mwaka 1887 alikubali kuwa wali wa Dola kwenye maporomoko ya Stanley, Kisangani ya leo, akilipwa mshahara na Leopold. Mwaka 1890 alishika njia ya kurudi Unguja, na vita ilipowaka yeye hakuwapo. Mtoto wake alikufa, mji wake wa Kasongo ulichukuliwa, lakini yeye alikaa katika nyumba yake ya Mji Mkongwe, akiwa na mashamba ya karafuu. Mwisho wa maisha yake aliandika habari zake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akazitoa katika kitabu. Alikufa Juni 1905 kwa malaria, kitandani kwake. Wageni wanaenda mpaka leo kuangalia mlango wa nyumba yake.

Kitabu kile ni kizuri kwa mtu anayetaka kujua safari, bei ya pembe na majina ya wakubwa. Tunashukuru kiliandikwa. Lakini hebu mutafute ndani yake jina la mwanamke mmoja wa Maniema aliyebebeshwa pembe mpaka pwani, aseme yeye mwenyewe alichoona. Hamutamsikia. Aliyeamuru alipata muda wa kukaa chini na kusema. Aliyebeba hakuulizwa.

Wa tatu ni Muhammad bin Khalfan, yule Rumaliza, aliyekuwa na nguvu Ujiji na kwenye ziwa Tanganyika. Yeye alipigana mpaka mwisho, karibu na Kabambare, mpaka mzinga ulipowasha moto ndani ya boma lake. Alikimbia akavuka kwenda nchi iliyokuwa ya Wajerumani. Na huko alifanya nini? Alimshitaki Tippu Tip, rafiki na mshirika wake wa zamani, juu ya mali ya biashara yao. Wakubwa wawili waliopoteza vita wakavutana kwa kesi, na Tippu Tip akashindwa. Mambo ya Rumaliza hayakuishia pale. Mwaka 1908 barua zinazosemwa zimetoka Maka zilizunguka pwani zikichochea watu, na Wajerumani walimshuku yeye kwamba ndiye anayezisambaza. Umri ulikuwa umeenda, lakini neno lake lilikuwa bado na uzito.

Angalieni ile kesi vizuri. Mali ile waliyovutana ilitoka wapi? Ilitoka huku. Ilikuwa pembe za huku na migongo ya watu wa huku. Lakini mbele ya jaji walisimama watu wawili tu, kila mmoja akisema: ni yangu. Hakuna aliyeita mtu wa Kabambare ao wa Kasongo kuja kudai kitu.

Na washindi? Dhanis alipewa cheo cha baron, akafa Ubelgiji mwaka 1909. Lothaire alimnyonga mfanyabiashara Charles Stokes mwaka 1895. Alihukumiwa Boma na tena Brussels mwaka 1896, na pande zote mbili akaachiliwa. Huku kwetu, kisha ya Waarabu kushindwa, Dola ilidai pembe, mpira na wabeba mizigo. Mwenye kubeba akabaki kubeba.

Mambo haya si ya Afrika peke yake. Kule Marekani, majimbo ya kusini yalipigana na serikali yao kuanzia 1861 mpaka 1865, kusudi wabaki na watumwa. Walishindwa. Majenerali wao walikuwa na mwisho wa namna nyingi. Robert Lee alikwenda kuongoza shule kubwa mpaka kufa kwake 1870. Jubal Early alikimbia nchi, akarudi, na maisha yake yote akaandika kwamba upande wao ulipigana kwa haki. James Longstreet yeye alikubali kwamba vita imekwisha, akafanya kazi na serikali iliyomshinda, hata akasimama na polisi weusi wa New Orleans mwaka 1874 dhidi ya wazungu walioasi. Wenzake wa zamani walimchukia mpaka kaburini, wakamtupia lawama ya kushindwa kwao.

Siku ya Noeli 1868 raisi Andrew Johnson alisamehe wote. Msamaha peke yake ungeweza kuwa kitu kizuri. Lakini tangu 1865 raisi huyo huyo alikuwa amerudishia mabwana wa zamani mashamba ambayo watumwa walioachwa huru walikuwa wameanza kulima. Kwa hiyo mkubwa alipata msamaha na shamba, na mtu aliyeteswa akabaki na jembe bila udongo. Chuki ile inazungumzwa huko mpaka leo.

Wandugu, kutoka habari hizi zote komite imetoa mambo matano. Tunayaweka mbele yenu.

Kwanza: hakuna mtu atakayefukuzwa, atakayepigwa, ao atakayehukumiwa bila kusikilizwa. Gongo Lutete hakuwa mtu msafi, lakini haraka ile ilizaa vita mpya. Mtu aliyetoa silaha kwa njia ya serikali, katika ile programu ya P-DDRCS iliyoundwa 2021, alete karatasi yake. Asiye na karatasi, tutamsindikiza aende kuitafuta. Na chama si tribinali. Mambo ya damu na ya kubaka yanaenda kwa jaji, hatutayamaliza hapa kwa mbuzi na pombe.

Pili: wa kwanza kusema ni aliyeumizwa. Mtu akiomba kuingia, kartye yake itaitwa. Wamama, wazee na vijana watasema walichoona, kwanza wao. Asiyeweza kusema mbele ya watu atasema pembeni na wamama wawili wa komite. Kisha yeye atajibu. Sekretari ataandika yote, ya huyu na ya yule, katika kitabu kimoja. Hatutaki kesho watoto wetu wasome habari ya aliyeamuru peke yake.

Tatu: shamba na nyumba mbele ya kadi. Munajua wengi wetu tulirudi tukakuta mwingine analima shamba la baba, na michikichi imekatwa ao inavunwa na mtu tusiyemjua. Mtu anayeshika kitu cha mwenzake arudishe, mbele ya mkubwa wa kijiji na mashahidi wa mipaka, njo apate kadi. Kusamehe mtu na kumuachia shamba la mwingine, ile si amani.

Ine: kwa miaka tatu, mtu aliyekuwa anaamuru wengine hataingia komite na hatagusa sanduku la mchango. Atalima, atalipa mchango wake, atasaidiwa akifiwa, atasaidia wengine wakifiwa. Neno la mkubwa wa zamani lina uzito, tumeona kwa Rumaliza. Uzito huo upungue kwanza.

Tano, na hili ni kwenu pia wasaidizi wetu: jembe, mbegu na dawa zigawanywe kwa nyumba, kufuatana na shida ya nyumba. Kuna wakati msaada ulifika mkononi mwa aliyetoa bunduki peke yake, na mjane jirani yake akaangalia tu. Kijana akiona hivyo atasema: kumbe bunduki ndiyo inaleta jembe. Tunaomba musitufundishie watoto neno hilo.

Kuna watakaosema: masharti ni mengi, hawatakuja. Wengine watakuja, wengine hapana. Lakini kumbukeni hili. Kisha ya 1894, wakubwa walipokufa, walipokimbia ao walipopelekwa mbali, kuna watu waliobaki. Wangwana wadogo, watumwa wa zamani, wanawake walioletwa kutoka mbali, wabeba mizigo wasio na pa kurudi. Walibaki Kasongo, walibaki Nyangwe. Walilima mpunga, walisali, walioa na kuolewa na Wakusu, Wazimba, Wabangubangu, na Kiswahili chao ndicho tunachosema hapa sasa hivi. Wengi wetu ndani ya mkutano huu ni wajukuu wa pande zote mbili: wa aliyekamatwa na wa aliyekamata. Nchi hii ilishonwa tena na watu hao, na vitabu havina majina yao.

Sasa tunaomba kila kartye ikae peke yake, ijadiliane jambo kwa jambo, mpaka saa ya kula. Kisha tutarudi hapa na tutanyosha mkono kwa kila moja ya yale matano. Yule mama wa mkutano uliopita tumemuomba aanze kusema.