KITI CHA KARANI NA MAUMIVU YA MGONGO

(Hotuba iliyosomwa na karani mmoja mbele ya wanachama katika mkutano wa chama)



Kwanza naomba radhi. Katika hotuba hii mtaniona nikisimama, kisha nikiegemea meza, kisha nikikaa kidogo na kusimama tena. Msidhani nina haraka ya kwenda nyumbani, wala msidhani ni madaha ya msemaji. Mgongo wangu umeniuma kwa muda wa miaka sita, nami nimejifunza kwamba haupendi kukaa katika hali moja. Jambo hilo ndilo lililonileta mbele yenu: mgongo wa karani, na kiti kinachouchukua.

Najua wako watakaosema mioyoni mwao, "Je, tumeacha shughuli zetu tuje kusikia habari za kiti?" Mabwana, seremala huzungumza juu ya randa yake, mkulima juu ya jembe lake, mvuvi juu ya mshipi wake, wala hawachekwi. Sisi kalamu twaishika na kuiweka, bali kiti twakikalia tangu asubuhi hata wakati wa kufunga ofisi. Nikihesabu saa saba kwa siku, kwa siku tano, napata saa 35 kila juma. Hakuna chombo kinachogusa miili yetu kwa muda mrefu zaidi, isipokuwa kitanda. Na wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Nilianza kazi ya masijala nikiwa kijana mwenye nguvu. Kazi yangu ilikuwa kupokea barua, kuziandika katika daftari, kupanga mafaili, na baadaye kuingiza hesabu katika kompyuta. Kiti nilichopewa kilikuwa cha mbao tupu, kirefu kuliko miguu yangu, hata nikikaa nyuma kabisa visigino vyangu havikufika chini. Basi nikawa nakaa ukingoni, nimeinama kama mtu achunguliaye kisima. Mwaka wa kwanza sikuona kitu. Mwaka wa tatu yakaja maumivu ya kiuno, kwanza jioni tu, kisha mchana, mwisho tangu alfajiri. Nikachuliwa mafuta, nikafunga mkanda kiunoni, nikalala chini juu ya mkeka. Maumivu yakapungua siku mbili, yakarudi siku ya tatu.

Nami nikaficha. Kwa nini nilificha? Kwa sababu mchukuzi wa magunia akisema mgongo unamwuma, watu humpa pole. Lakini karani akisema anaumwa kwa kukaa, watu hucheka na kumwita mvivu. Katika chumba chetu alikuwako mzee mmoja aliyetufundisha kazi sisi vijana. Kila saa alikuwa akiinuka, akienda dirishani, akirudi. Sisi tulinong'onezana kwamba mzee amechoka na kazi. Aliacha utumishi kabla ya wakati wake. Siku ya kumwaga ndipo aliponiambia kwamba kwa miaka mingi hakupata kuketi hata nusu saa bila maumivu. Yeye hakusema, wala sisi hatukumwuliza. Mficha maradhi kifo humuumbua. Naye, ingawa hakufa, kazi aliyoipenda ilimfia mikononi.

Baada ya hayo nikapata moyo, nikaandika barua kuomba kiti cha mikono. Jibu lilikuja upesi: viti vya mikono ni vya watu wa daraja la juu, na jina langu halimo katika orodha ya wanaostahili. Aliyeandika jibu alisoma orodha kama ilivyo, nami nisingefanya vingine kama ningekuwa yeye. Lakini niliona uchungu, maana niliomba kwa ajili ya mgongo, nikajibiwa kwa ajili ya cheo.

Sasa sikilizeni lililotokea. Mwaka uliofuata mkubwa wangu alikwenda likizo, nami nikashika nafasi yake majuma mawili. Nikakikalia kiti chake: kiti cha ngozi, kipana, chenye mikono, kinachozunguka. Siku ya kwanza nilikaa kwa fahari. Siku ya nne sikuweza kuinuka bila kushika meza. Kiti kile kilifanywa kwa mtu mrefu. Kalio lake lilikwenda nyuma sana, hata ukingo wake ukanibana nyuma ya magoti. Ili kuuepuka nikasogea mbele, na mgongo wangu ukakosa egemeo. Mto wake ulikuwa laini mno, nikazama kama mtu aketiye juu ya gunia la pamba. Mikono yake iligonga meza, nisiweze kusogea karibu na karatasi. Hapo nikajicheka mwenyewe. Kumbe nilikuwa nimeomba heshima, nikidhani naomba nafuu!

Bwana Mwenyekiti, hata jina lako limetoka katika kiti. Katika lugha yetu kiti na ukubwa ni ndugu. Katika pwani yetu, Lamu na Unguja, kilikuwako kiti cha enzi, cha mpingo, kilichotiwa pembe za ndovu na kusukwa kwa kamba nyembamba, chenye mgongo ulionyoka na mahali pa kuwekea miguu. Ni kazi nzuri ya mafundi, yastahili kusifiwa. Lakini kilifanywa ili mtu mheshimiwa aonekane na wageni. Hakikufanywa ili mtu aandike barua 40 kwa siku. Sasa kitazameni kibao cha mbuzi kilichomo jikoni. Ni kifupi, hakina fahari, lakini aliyekichonga aliangalia kwanza kazi ya kukuna nazi na jinsi akunaye anavyokaa. Sisi makarani twakitamani kiti cha enzi, na tunachohitaji ni hekima ya kibao cha mbuzi.

Wala jambo hili si geni duniani. Mganga mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu mwaka 1700 juu ya maradhi ya watu wa kazi mbalimbali, na katika chapa ya mwaka 1713 aliwaongeza waandishi na makarani. Alisema maradhi yao hutokana na mambo matatu: kukaa daima, mkono kwenda mwendo ule ule bila kupumzika, na akili kukazwa wakati wote ili kusitokee kosa. Ndugu zangu, zaidi ya miaka 300 imepita, na nani kati yetu hajijui katika maneno hayo?

Mwaka 1948 mganga wa Uswidi, Bengt Åkerblom, aliandika juu ya kusimama na kukaa, akaonyesha kwamba egemeo la kiti lapasa kukutana na mgongo pale chini, kiunoni, wala si mabegani tu. Mwaka 1953 J. Jay Keegan wa Marekani alitumia picha za eksirei, akaona kwamba mtu akikunja mapaja yake sana katika kukaa, ule mpindo wa asili wa kiuno hunyooka. Na mwaka 1999 wataalamu wa Ujerumani walipima mgandamizo ndani ya uti wa mgongo wa mtu mmoja aliyejitolea; wakaona kwamba alipojilaza nyuma katika kiti mgandamizo ulikuwa mdogo kuliko aliposimama. Basi tusidhani kwamba kukaa wima kama askari wa gwaride ndiko kukaa kwema. Kuegemea si uvivu.

Viwanda navyo vimejifunza. Mwaka 1994 kilitokea Marekani kiti cha ofisi kiitwacho Aeron, nacho kilifanywa kwa vipimo vitatu, kidogo, cha kati na kikubwa, kama viatu. Bei yake haitufai sisi, lakini fikira yake haina bei: watu hawalingani, basi na viti visilingane.

Fikira hiyo ndiyo niliyoipeleka kwa seremala wa mtaani kwetu. Nikamwambia, "Fundi, nguo hushonwa kwa kipimo; nipime na kiti." Alicheka, kisha akanipima kwa futi yake. Kutoka chini hata nyuma ya goti, nikiwa nimevaa viatu, ni inchi 16. Kiti cha ofisini kilikuwa inchi 19. Nikanunua kiti cha mninga kilichokwisha kutumika, nikamwambia akate miguu yake inchi tatu. Nikakipeleka kazini kwa furaha. Na jioni maumivu yalikuwa yamehamia mabegani! Kwa nini? Kwa sababu kiti kilishuka na meza haikushuka, nikawa naandika mabega yamepanda karibu na masikio. Kiti na meza ni kama mume na mke. Huwezi kumsikiliza mmoja peke yake.

Fundi akaunga vipande vya mbao chini ya miguu, kiti kikarudi urefu wake, hata viwiko vyangu vikawa sawa na meza. Kisha akanichongea kibao cha inchi tatu cha kuwekea miguu. Akaleta egemeo mbele, ili kati ya ukingo wa kalio na nyuma ya magoti yangu vipite vidole vitatu. Mke wangu akashona mto mdogo wa sufi, ulioshindiliwa sana, nami nikaufunga kwenye egemeo, mahali pa mshipi wa suruali. Gharama yote haikufika robo ya mshahara wangu wa mwezi.

Je, nimepona? La. Sitawadanganya. Mganga aliyenitazama aliniambia wazi kwamba maumivu yaliyopita miezi mitatu huitwa ya kudumu, na kwamba hakuna kiti kinachoyaponya. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mashauri juu ya maumivu ya namna hii. Lilitaja mafunzo na mazoezi ya mwili, wala halikushauri mikanda ya kiuno kama ule niliokuwa nikijifunga. Inakadiriwa kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno. Basi sisi si wachache, wala si wavivu. Lakini hili naweza kulishuhudia: zamani, ikifika saa nne asubuhi, nusu ya akili yangu ilikuwa katika barua na nusu katika mgongo. Sasa nafika saa tisa na akili yangu yote. Makosa katika daftari langu yamepungua, na nikirudi nyumbani naweza kumbeba mwanangu mdogo, jambo ambalo kwa miaka miwili sikuliweza.

Kwa hiyo nawapa mashauri machache. Kwanza, anza na meza: viwiko viwe sawa nayo, mabega yametulia. Pili, angalia miguu: ikining'inia, tafuta kibao, hata matofali mawili yaliyofungwa kwa gunia yafaa. Tatu, usikubali kalio likubane nyuma ya magoti. Nne, egemeo likushike kiunoni. Tano, na hili ni kubwa kuliko yote, inuka. Kila nusu saa simama, peleka faili kwa miguu yako mwenyewe badala ya kumwita tarishi, kisha rudi. Kiti bora ni kile kinachokuachia uondoke bila taabu. Na anayeumwa sana, au mwenye ganzi ya miguu, asimtegemee seremala. Aende hospitali upesi.

Mwisho, naomba chama kifanye mambo matatu. Tuwaombe wakubwa wetu kwa adabu kwamba viti vihesabiwe pamoja na vyombo vya kazi, vitolewe kwa kipimo cha mwili na haja ya mtu, wala si kwa daraja lake. Katika Tanzania, sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003 imemwekea mwajiri wajibu wa kulinda afya ya mfanyakazi. Basi hatuombi sadaka. Pili, viti vilivyovunjika vilivyolundikwa katika bohari vipewe mafundi wavitengeneze. Tatu, na hili halihitaji ruhusa ya mtu: tukimwona mwenzetu akiinuka kila mara na kwenda dirishani, tusinong'one. Tumwendee, tumwulize, "Ndugu, unaumwa?"

Laiti ningalimwuliza hivyo mzee wetu yule. Alinifundisha kuandika tarehe kabla ya jina, na kutokunja barua ya mtu mara mbili. Kibao changu cha miguu kingalimfaa yeye kabla hakijanifaa mimi.

 Sasa kwa ruhusa yenu nitaketi kidogo, na mkiniona nimesimama tena, mjue sababu.