Mintarafu ya Kurejesha Faili za Zamani kwa Kompyuta Nyingine



Mada niliyopewa yawahusu makarani, walimu wa shule na wa madrasa, na watunzaji wa nyaraka wa Malindi, Mambrui na Kilifi, ambao tangu miaka ya 1990 wamekuwa wakiandika kwa kompyuta, wakatoa nakala za akiba kama walivyonasihiwa, wakaziweka makabatini kwa amani. Na leo, mashine zile zikiisha kufa, wazitiapo nakala hizo katika kompyuta mpya hujibiwa kwamba faili haifahamiki. Wengi hukata tamaa hapo hapo. Rai yangu ni kwamba, aghalabu, maandishi yapo salama, na kilichotoweka ni programu iliyoyafunga. Na jambo hilo ndilo nitakalolieleza kwa urefu, kwa kuwa mengineyo ni kazi ya bisibisi.

Mathalan, Windows 2000 na Windows XP zilikuwa na programu iitwayo NTBackup, ambayo ilizikusanya barua, hesabu na picha zote ikazitia ndani ya faili moja kubwa yenye kikomo cha bkf, mithili ya mtu aliyekunja nguo za nyumba nzima kashani kisha akasafiri na ufunguo. Windows Vista ilipowafikia wanunuzi mwaka 2007, programu hiyo haikuwamo. Microsoft wakatoa nyingine ndogo ya kufungulia tu. Nakala za Windows 95 na 98 nazo zilikuwa na namna yake, zikiishia na qic, ambazo hata NTBackup ya XP haizifungui. Tadbiri niipendayo, kuliko kuhangaika na programu za mtandaoni zinazoahidi miujiza kwa fedha, ni kuunda kompyuta ya kubuni ndani ya ile mpya kwa programu ya bure kama VirtualBox, kuisakinishia Windows ya zama zile kutoka sidii yake ya asili, kuipelekea ile nakala, kuifungua humo humo, na mwisho kuzitoa faili moja moja zikiwa huru, zisizohitaji idhini ya programu yoyote. Kazi hii ni ya mchana mmoja kwa fundi mtulivu, na ya juma zima kwa fundi mwenye haraka.

Amma aliyebakiwa na diski kuu yenyewe, asithubutu kuitia katika kompyuta mpya akitaraji iamke kama ilivyokuwa; na aiunge kwa kebo ya kugeuzia, diski ya kale ya IDE yenye pini 40 ipate kusomwa kwa njia ya USB, akikumbuka kwamba diski pana ya inchi 3.5 sharti ipewe umeme wake peke yake. Kompyuta ikiuliza kama iifomati, jibu ni la. Ikisema ruhusa imekataliwa, si ajabu, kwani mfumo wa NTFS wamkumbuka mwenye mali wa zamani. Msimamizi wa kompyuta mpya aweza kujimilikisha folda zile akaingia. Lakini ikiwa mwenyewe alizifunga faili kwa fumbo la EFS, kujimilikisha hakufai kitu: chahitajika cheti chake, na kisipopatikana, shauri limekwisha.

Pwani yetu ina adui wa ziada. Hewa ya chumvi hula pini za shaba, na unyevu wa masika huotesha ukungu juu ya disketi. Kwa hiyo, kabla ya jaribio lolote, disketi ifunguliwe kile kitundu chake cha kuzuia kuandikwa, na diski inayogota ichukuliwe taswira yake nzima kwa programu ya ddrescue, ambayo huchukua kwanza sehemu zilizo nzima na kuzirudia mbovu baadaye. Kisha utafutaji wote ufanywe juu ya taswira, ile ya asili ikipumzishwa.

Nao walio wakubwa kuliko sisi yamewafika. Mwaka 1967, Waitalia waliporusha San Marco 2 kutoka jukwaa lao la baharini mbele ya Ngomeni, Marekani ilikuwa katikati ya kupeleka vyombo vitano vya Lunar Orbiter kuupiga picha mwezi. Kanda za sumaku za picha zile zilitunzwa. Mashine za kuzisomea, Ampex FR-900, ndizo zilizokaribia kutoweka duniani, na lau si Nancy Evans, mtunza nyaraka aliyekataa zitupwe akaziweka kwake miaka mingi, wahandisi wasingaliweza kuitoa upya picha ya kwanza mwezi wa Novemba 2008.

Faili ikiisha kutoka, huenda ikaonekana imejaa alama za ovyo. Hati za WordPerfect hufunguka kwa LibreOffice bila taabu kubwa. Maandishi ya Kiarabu ya madrasa na ya ndoa, yaliyohifadhiwa kama matini tupu, husomeka pindi mtu achaguapo usimbaji wa Windows-1256 badala ya ule wa siku hizi.

Napendekeza basi, Bwana Mwenyekiti, kompyuta moja ya XP yenye tundu la disketi itunzwe pahala penye hewa kavu kwa matumizi ya wote, isiungwe na intaneti kabisa, na kila aletaye boksi la nakala aandike kwa kalamu juu yake jina la Windows, jina la programu iliyozifunga, na neno la siri kama bado alikumbuka.