"Nimeibiwa" kwa Kiingereza



Jumanne iliyopita nilikuwa nimesimama karibu na Posta Mpya nikisubiri basi, nikamwona jirani yangu mmoja anakuja mbio, bahasha ya kaki kwapani. Mama huyu anauza vitenge Mtaa wa Kongo, Kariakoo. "Mwalimu," akaniambia hata kabla ya salamu, "Kiingereza kinaninyima haki yangu."

Kisa chenyewe ni hiki. Usiku mmoja mwezi uliopita wezi walivunja kufuli za duka lake kwa mtarimbo, wakaondoka na marobota saba. Kulipokucha akakimbilia polisi: "Nimeibiwa." Ikaandikwa wizi. Kwa kuwa duka lina bima, akapewa fomu ya madai, Kiingereza kitupu. Penye swali la nini kilitokea akajaza neno alilolikumbuka tangu shule: "theft". Jibu likaja kwamba bima yake haihusu "theft", inahusu "burglary".

Mpwa wake wa kidato cha nne akashauri fomu ya pili iandikwe "armed robbery". Eti neno kubwa huleta fedha kubwa, na mtarimbo je, si silaha? Ikaenda hivyo. Sasa kampuni ina karatasi mbili zinazopingana, na imeuliza, kwa barua yenye adabu sana, ipi ndiyo ya kweli.

Nikaliacha basi liende, tukakaa kwenye kibaraza.

"Theft" ni wizi mtupu: mali imechukuliwa, mwenyewe hakuridhia. Mlango uwe ulivunjwa au uliachwa wazi, neno ni hilo hilo. "Robbery" ni unyang'anyi: lazima awepo mtu, apigwe au atishwe, ndipo mali itoke. Kufuli haliogopi. Mtarimbo uliovunja kufuli ni chombo cha kazi tu. Ungeinuliwa juu ya kichwa cha mlinzi, hapo ungekuwa silaha. Wala hili si la mzaha. Kwa sheria yetu, unyang'anyi wa kutumia silaha kifungo chake hakipungui miaka 30, na mshitakiwa hapati dhamana. Polisi walikwisha kumshika kijana mmoja mbeba mizigo kwa kumshuku. Nilipomwuliza mama kama angependa karatasi ile imfikie mpelelezi, alinyamaza kwa muda.

"Burglary" ndilo lenye kona. Katika Kanuni ya Adhabu ni kuvunja nyumba wanamoishi watu na kuingia kwa nia ya kutenda kosa, tena usiku. Ikiwa mchana, jina hugeuka, huitwa "housebreaking". Duka lina kifungu chake kingine kabisa. Lakini kwa watu wa bima neno hilo hilo kwa kawaida ni kuingia kwa nguvu, alama za kuvunja zionekane, hata kama ni duka au ghala. Kwa hiyo mama huyu alikuwa na "burglary" dirishani kwa bima, na hakuwa nayo kituoni kwa polisi, kwa mlango ule ule.

Si kwamba Kiswahili hakina maneno. Kariakoo nzima inajua kibaka ni nani na jambazi ni nani. Ila tukishikwa na mshtuko sote husema "nimeibiwa", na fomu haitaki hilo. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama nchini; fomu ya mama huyu, naona, haijapata habari.

Tukaandika barua. Saa aliyofunga duka, kufuli ngapi, bawaba ipi iling'oka, mlinzi alikuwa wapi, na kwamba hakuna aliyeguswa wala kutishwa. Akaomba radhi kwa fomu ya pili. Neno "burglary" tuliliweka mara moja tu, kama lilivyo katika mkataba wake. Keshoye akarudi polisi kuomba taarifa yake itaje mlango uliovunjwa, maana mpelelezi aliuona kwa macho yake.

Barua imepokelewa na kugongwa muhuri. Jibu bado. Jana nilipita dukani: robota moja lililobaki analiuza doti moja moja, na mlango ameufunga kwa waya.