Banda Letu Jipya: Maneno Yaliyosemwa Ediofe, Arua



Mama yetu alipolazwa tuliuza kuku sita tupate pesa ya dawa. Waliobaki walikosa mwangalizi. Kideri kikaingia, wakafa wote. Majirani walituhimiza tununue wengine upesi. Tulikataa. Tulichoma mizoga pamoja na banda la zamani, tukangoja miezi miwili.

Banda jipya tumeliinua juu ya nguzo, kinyesi kidondoke chini. Matetea wako watatu. Mmoja anaatamia, siku 21.

Chanjo ya tone la jicho hufaa kabla ya ugonjwa, siyo baada, na hurudiwa kila miezi minne. Chupa ikifunguliwa haikai, nayo hutosha kuku wengi. Basi tuchange. Jumamosi alfajiri msifungulie kuku. Tutapita nyumba kwa nyumba.