UWANJA NI WA NANI?

(Maneno ya Katibu wa Tawi katika mkutano wa kijiji)



Leo tunasema juu ya uwanja wa mpira. Wapo watakaonong'ona: Katibu naye, sisi tunangoja habari za pamba, yeye anatuletea mpira! Ngojeni kidogo, ndugu. Jambo hili ni la ardhi.

Tuanze kwa jirani. Mwadui iko wilaya ya Kishapu, mkoa wa Shinyanga, mkoa ambao na sisi wa Bariadi tulikuwamo mpaka Simiyu ikawa mkoa mwaka 2012. Mwaka 1940 Dk. John Williamson, mtu wa Kanada, aligundua almasi pale. Mgodi ukajenga nyumba, shule na hospitali. Uwanja wa nyumbani wa Mwadui FC nao umo ndani ya eneo la mgodi. Timu ile ilipanda Ligi Kuu mwaka 2015, na sisi wa Usukumani tukaona fahari, maana Simba na Yanga sasa walikuja huku kwetu. Lakini hata hivyo mechi nyingine kubwa zilichezwa Kambarage, Shinyanga mjini.

Sasa tazameni. Williamson alifariki 1958, mgodi ukaingia mikononi mwa Serikali na kampuni ya De Beers. Mwaka 2009 ikaja kampuni ya Petra. Aprili 2020, wakati wa korona, kazi ya mgodi ikasimamishwa, ikaanza tena 2021. Mwaka huohuo 2021 timu ikashuka daraja. Hatusemi mgodi ndio ulioishusha, mpira una mambo yake. Tunasema hivi: uwanja ukiwa ndani ya uzio wa mwingine, mwenye uzio ndiye mwenye neno.

Na Stand United, vijana walioanzia stendi ya mabasi Shinyanga, walipanda 2014 wakashuka 2019. Walicheza Kambarage, hawakuwa na uwanja wao.

Sisi je? Sisi tunao. Wazee wetu walioletwa hapa na Operesheni Vijiji ya 1974 waling'oa visiki kwa mikono, hawakulipwa hata senti. Hapo tumecheza, tumefanya mikutano, tumecheza ngoma baada ya mavuno. Lakini msimu huu plau imefika kwenye kona, na pamba imeota nyuma ya goli. Hatutaji mtu, mwenyewe anajijua. Mwaka kesho itafika katikati, halafu tutaambiwa lilikuwa shamba la babu yake.

Jamani, ngitili zetu mbona zinaheshimiwa? Kwa sababu mpaka wake unajulikana na kila mtu. Na sheria ipo: Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Halmashauri ya Kijiji inasimamia ardhi kwa niaba yetu, wala haiwezi kumgawia mtu bila Mkutano Mkuu wa Kijiji kukubali. Mkutano Mkuu ni nani? Ni sisi tuliokaa hapa chini ya mti.

Kwa hiyo tunaomba mkutano ukubali mambo matatu. Kwanza, uwanja uandikwe katika muhtasari wa leo kuwa ardhi ya matumizi ya wote. Pili, upimwe kwa hatua mbele ya wazee wanaojua mpaka wa zamani. Tatu, mwenye pamba avune iliyoota, asilime tena.

Jumamosi saa moja asubuhi kila kaya ilete jembe na miche ya mkonge ya kupanda mpakani. Vijana wa timu watatafuta miti ya magoli. Wenzetu wa kisomo wawasomee majirani tangazo hili, asije mtu akasema hakusikia.

Katibu wa Tawi